Kwa Tusajigwe, Aliyeuawa Akitembea

Tusajigwe mwenzangu,

Sista Lugano wa kliniki ndiye aliyenishauri. Alisema, "Mwandikie marehemu, Mama Salma, utoe kilichokukaa kifuani. Lakini mwandikie kwa upole." Upole sina. Mumeo alikukatakata kwa panga kando ya barabara ya Lufingo, mbele ya macho yangu, kwa sababu ulikuwa unafanya mazoezi. Huo upole niutoe wapi?

Basi nivumilie. Nitaandika kama nilivyo.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuwa nalia kwenye benchi la kliniki. Walikuwa wamenipima wakaniambia nina sukari, na presha juu yake, nami nikaona nimekwisha. Wewe ulikaa pembeni yangu na kilemba chako cha njano, kikapu cha parachichi miguuni, hunijui sikujui. Ukaniuliza, "Dada, unalia kwa ajili ya sukari au kwa ajili ya chai?" Nikakujibu kwa hasira, chai ipi? Ukasema, "Mimi nililia kwa ajili ya chai. Nimezaliwa kwenye chai, nimechuma chai tangu utoto, leo naambiwa niinywe chungu." Nikacheka mpaka kamasi zikanitoka. Ukanipa ncha ya kanga yako nijifute.

Watu wanadhani sukari inakaa kwenye damu tu. Hawajui inavyoingia kwenye tabia ya mtu. Miezi ile ya kwanza nilikuwa nalala nimegeukia ukuta, mchana kweupe, na mlio wa cherehani ya Shabani, ambao ndio uliotulisha tangu tuoane, ulikuwa unanifanya nitamani kuibeba niitupe mtaroni. Salma akipiga simu kutoka Dar, namkatia. Na wewe ukanisimulia jinsi miguu ilivyokuwa ikikuwaka moto usiku kucha, asubuhi ukatoka ukampiga ng'ombe wako wa maziwa kwa fimbo hadi akapiga magoti, kisha ukamkumbatia shingo ukalia naye. Tulikuwa wanawake wawili tuliovuka arobaini na tano, kila mmoja amebeba mwili unaomsaliti na hasira asiyojua pa kuipeleka.

Sista Lugano akatuambia vidonge peke yake havitoshi. "Tembeeni. Asubuhi, kabla ya kazi, mpaka jasho liwatoke. Na mtembee wawili, maana mmoja ataahirisha."

Tukaanza. Wewe ukipanda kutoka Lufingo, mimi nikishuka kutoka mjini, tunakutana njia panda. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba nilikuwa nakusikia kabla sijakuona, unanisalimu "Ugonile!" nami naitikia vibaya kila siku, maana baba yangu alikuja huku kutoka Kilwa na vitambaa vyake, na Kinyakyusa hakijawahi kunikaa mdomoni. Unanicheka. Tunapita kwenye mashamba ya chai, tunapandisha kile kilima, tunatema mate kama wanaume. Wabeba maziwa na baiskeli zao walituita jeshi la akiba. Lakini kufika kileleni, Tusa, jasho likitiririka mgongoni, kile kitu cheusi kilichokuwa kinanikalia kifuani kilikuwa kinashuka. Sijui kilikuwa kinakwenda wapi. Nilikuwa narudi nyumbani nina njaa na nina maneno. Shabani akasema, "Mke wangu amerudi kutoka safari." Sukari ikashuka. Yako ikashuka zaidi ya yangu, ukawa unajigamba kliniki kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Sasa nimfikie yeye.

Asajile mumeo sikuwahi kumchukia mwanzoni. Alikuwa mwanaume wa kazi, mpakiaji wa malori ya ndizi, mtu wa kubeba mikungu miwili kwa mkupuo huku akiimba. Sukari ilimpata kabla yako, ila yeye aliikataa. Kliniki alisema ni ya wanawake na wazee. Alikunywa mizizi ya kila mganga aliyepita stendi. Mabega yakamwisha, kazi ya kupakia ikamshinda, akawa anashinda barazani akitazama barabara. Na siku moja tulipopumzika pale kwenye kijito ukaniambia lile jingine, bila kunitazama, huku unachezea majani: kwamba Baba Neema hawezi tena unyumba, muda mrefu sasa, na kwamba amekataza neno hilo lisitajwe ndani ya nyumba.

Nikakuambia, mwambie ni sukari. Inatibika. Ukasema, "Nilimwambia. Alinipiga kofi, halafu akalia. Sijui kipi kiliniumiza zaidi."

Ulimwalika atembee nasi. Hilo wengi hawalijui, na mahakamani nilihakikisha wamelisikia. Alikuja asubuhi moja, amevaa koti lake la kanisani. Alikaza mwendo ili atutangulie. Kabla ya daraja akaishiwa pumzi, akashika magoti, uso umemwiva. Wabeba maziwa wakapita, mmoja akapaza sauti, "Mzee Asajile, waachie akina mama!" Alitutazama mimi na wewe tukiwa tumesimama wima, hatuhemi hata kidogo, na niliona kitu kikijifunga machoni mwake. Akageuka akarudi nyumbani.

Baada ya hapo ndipo mwili wako ulipoanza kuwa kesi. Umepungua, kwa ajili ya nani? Ngozi inang'aa, nani anaipaka mafuta? Mwanamke wa umri wako anatoka nyumbani jogoo akiwika na kurudi anatabasamu, anatoka kwa nani huyo? Alichoma raba zako kwenye mafiga. Ukaja kutembea na mabuti ya shambani. Akakuvunja jino. Ukaja na shavu limevimba, tukatembea. Wazee wa kanisa wakawakalisha, wakasema mkapatane na wewe umheshimu mumeo. Mwenyekiti wa kijiji akasema mambo ya chumbani hayana muhuri wa serikali. Nikakwambia, Tusa, hamia kwangu, chumba cha Salma kipo. Ukasema, "Nimwachie nyumba niliyoijenga kwa parachichi zangu?" Nikasema basi acha kutembea kwa muda. Ukanigeukia pale barabarani, umeshika kiuno. "Nikikaa ndani mguu utaoza, Zuhura. Mama yangu alikatwa mguu, nilimwogesha mimi. Acha apige. Natembea."

Siku hiyo ilikuwa inanyesha manyunyu. Alitokea kwenye chai, upande wa kushoto, amelowa mpaka mifupani, maana yake alikuwa amesubiri muda mrefu. Panga alikuwa ameliegemeza mguuni kama mtu anayekwenda kufyeka majani. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo nimekuja kumwona huyo mwanaume." Ukamjibu kama unavyomjibu mtu mwenye homa, "Baba Neema, mwanaume gani? Ni mimi na Zuhura. Njoo, twende nyumbani." Ukamnyooshea mkono.

Aliupiga ule mkono kwanza.

Sitakuandikia yote. Wewe ulikuwepo. Ninachotaka ujue ni kile ambacho huenda hukukiona, kwa sababu ulikuwa umeshaanguka mtaroni. Sikukimbia. Niliokota jiwe nikampiga nalo kichogoni, hakuanguka. Nikamrukia mgongoni, mimi na presha yangu, nikamng'ata sikio mpaka meno yakakutana. Akanirusha chini, akashusha panga, nikakinga kwa mkono wa kushoto. Nilisikia mfupa. Nikamvuta miguu akaanguka juu yangu, nikamchimba macho kwa vidole. Nilikuwa nataka kumuua, Tusa. Wala si kujiokoa. Kumuua. Na wewe mtaroni ulikuwa unatoa sauti ambayo bado naisikia cherehani ikisimama ghafla.

Wabeba maziwa ndio waliomkamata. Maziwa yalimwagika barabarani yote. Walimpiga kwa madumu, kwa pampu za baiskeli, kwa mateke, na watu wakazidi kuja kutoka kwenye migomba, mwenye jembe na mwenye gongo. Mtu akafyonza petroli kwenye pikipiki akajaza chupa. Nilikuwa nimekaa chini, kichwa chako kwenye mapaja yangu, umeshakata roho, na nilikuwa napiga kelele: Mchomeni! Mchomeni mbwa huyo!

Ndipo Neema, binti yako, akaja mbio, peku, nguo ya kulalia. Akakutazama. Hakukugusa hata. Akaenda akasimama juu ya baba yake, katikati ya wanaume wale na petroli yao, akasema, "Msimuue. Nataka aulizwe. Nataka asimame mbele ya watu aulizwe kwa nini." Mmoja akamwambia toka hapo binti. Akajilaza juu ya baba yake. Petroli ikammwagikia mgongoni. Wakashindwa.

Siku ile nilimchukia mwanao. Nilidhani amechagua upande.

Msibani nilikwenda na mkono umefungwa, bado nanuka hospitali. Wanawake wa Lufingo walinipa nafasi kwenye mkeka karibu na jeneza, Mungu awalipe. Lakini wakati wa kupika, shemeji yako, yule mdogo wake Asajile mwenye duka la pembejeo, akasimama karibu na masufuria akawa anawaambia wenzake, kwa Kiswahili ili nisikie, kwamba mjini wanawake wanafundishana uhuni na kuuita mazoezi. Nilikuwa nimeshika mwiko wa kusongea. Nilimpiga nao usoni. Nikampiga tena alipoinama. Walinishika wanawake wanne. Ndizi zikaungua. Mzee mmoja akasema haijapata kutokea Mwislamu kuja kumpiga mfiwa kwenye msiba wa Kikristo, na shangazi yako akamjibu, "Imetokea leo, kaa chini." Ukazikwa nyuma ya nyumba yako, kwenye migomba.

Halafu nikaharibika.

Watu husema huzuni inalia. Yangu ilikuwa inapiga. Sikutembea tena. Nilimtukana mteja aliyekuja kuchukua sare za mtoto, nikamtupia zile sare kwenye tope. Nilivunja vyombo. Nilimpiga Shabani, Tusa. Shabani ambaye hajawahi kuniinulia hata sauti. Nilimpiga kwa sababu aliniletea vidonge na maji, na yalikuwa maji ya vuguvugu. Alifuta uso kwa kipande cha kitambaa alichokuwa akishona, akaweka vidonge juu ya meza, akarudi kwenye cherehani. Kidonda cha mkono kikakataa kufunga. Kikaanza kunuka. Sukari ilikuwa imepanda hadi daktari akarudia kupima akidhani kifaa kimeharibika. Akaniambia mkono unaweza kukatwa. Nikamwambia akate tu, sina pa kuupeleka.

Aliyekuja ni Neema. Alisimama mlangoni na begi. Alisema ndugu wa baba wamemwambia nyumba ni ya ukoo na yeye atafute pa kwenda. Sikumkaribisha. Shabani ndiye aliyepokea begi, akamwonyesha chumba cha Salma. Kwa siku nyingi tuliishi humo bila kusemezana, mimi namtazama mgongo, nawaza petroli. Asubuhi moja akaja kitandani kwangu akaniambia, "Mama Salma, nimekwenda kupima. Sina sukari bado. Ila bibi alikuwa nayo, mama alikuwa nayo, baba anayo. Nataka kutembea kama mama. Naogopa ile barabara. Nipeleke."

Nikamwambia aende na baba yake.

Hakulia. Alinivua shuka. Akanishika huu mkono mzima akanivuta hadi nikakaa, nikampiga, akanivuta tena. Ana nguvu zako.

Tulikwenda. Pale mahali chai ilikuwa imeshachipua, wachumaji walikuwa wamepita, hakuna alama yoyote. Nilitapika. Neema alisimama kwenye ule mtaro akapiga ukelele mmoja ambao uliwatoa watu majumbani, halafu akaanza kupiga mateke kingo za barabara, udongo unaruka, mateke na mateke mpaka kiatu kikapasuka. Nami nikaokota mawe nikawa nayatupa kwenye chai, kwa mkono wangu mmoja, namtukana mtu asiyekuwepo. Mpita njia alidhani tumerukwa na akili. Tulipochoka tulikuwa tunahema kama waliopandisha kilima. Neema akasema, "Tukipandishe basi." Tukakipandisha.

Tulirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Kidonda kimefunga, Tusa. Vidole viwili havikunji, lakini mkono ninao. Wanawake wa kliniki wakaanza kujiunga, mmoja mmoja, kila mtu na fimbo. Fimbo si ya kuegemea. Mume mmoja alitufuata siku moja akamshika mkewe shingoni, anamrudisha nyumbani. Tulimzunguka tu, na nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye meno, "Mwachie kabla hatujahesabu mbavu zako." Akaachia. Siku hizi mkewe anakuja mapema kuliko wote. Na Shabani nilimwomba radhi mbele ya Salma alipokuja likizo. Alisema, "Alinipiga mgonjwa, si mke wangu." Lakini nilimkataza kusema hivyo. Nilikuwa mimi.

Ilikuwa vizuri kwamba nilimkataza, maana kesi ilipofika Mbeya ndiyo hoja iliyokuja.

Asajile aliingia kizimbani amenyooka. Sikuamini. Gerezani wanampa dawa alizozikataa kwako, anakula kwa kipimo, analima bustani kila asubuhi. Amepungua tumbo, macho yametulia, ngozi inang'aa. Amepona kwa yaleyale aliyokuulia. Nilishika benchi ili nisiruke. Akatoa machozi akasema siku ile hakuwa yeye, kichwa kilikuwa kimejaa moshi, na sasa akili imerudi anamlilia mke wake. Wakili wake akaeleza vizuri sana habari za sukari iliyopanda, na sonona, na mwanaume aliyepoteza kazi na heshima. Mengi aliyosema yalikuwa kweli. Hapo ndipo paliniuma.

Nilipopanda kutoa ushahidi akaniuliza, "Mama, ni kweli ulimpiga mfiwa kwa mwiko?" Nikasema kweli. "Na mumeo?" Nikasema kweli. "Na wewe una sukari?" Ninayo. "Kwa hiyo unaijua hasira inayotokana na ugonjwa huu."

Nikamwambia, "Naijua, mheshimiwa. Inakuja kama kikohozi. Nilipiga kwa kilichokuwa mkononi. Lakini Neema ameshawaambia hapa kwamba baba yake alinoa panga jioni, akalifunga kwenye gunia, akalala, akaamka, akatembea hadi kwenye chai, akasubiri kwenye mvua. Sukari ninayo mimi, na marehemu alikuwa nayo. Sukari haijui kunoa."

Wakili akakaa.

Jaji alisoma muda mrefu. Mwisho akasema Asajile atanyongwa hadi kufa. Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu ulipokuwa kwenye mapaja yangu. Nilidhani nitapiga vigelegele. Nilisikia kiu tu. Asajile alimtafuta Neema kwa macho mpaka askari wakamgeuza, na Neema akateleza kutoka kwenye benchi akakaa sakafuni, akaniuliza, "Mama Salma, nilimlalia asichomwe ili waje wamnyonge?"

Nilikaa naye pale sakafuni mpaka mlinzi akataka kufunga. Mpaka leo sina jibu, na huko uliko kama unalo, mpe yeye, si mimi.

Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Kisiba kumposa. Kijana safi, mwenye shamba. Tulipokuwa tunakula akauliza, kwa adabu kabisa, kama Neema akishaolewa ataacha haya matembezi ya alfajiri, maana majirani watasema. Neema akaweka kijiko chini. Akasimama, akafungua mlango, akaushikilia wazi mpaka kijana akaelewa. Washenga wamenilaumu mimi. Nimewaambia lawama zimenifaa.

Kwaheri, Mama Neema. Sijamsamehe Asajile na sikuahidi kumsamehe. Akinyongwa au akifia gerezani kwa uzee, sitauliza. Lakini mwanao nitamlinda kwa mikono yote miwili, ule mzima na huu mbovu. Akija mwingine na koti la heshima na maneno ya majirani, kabla hajafika kwake, atapita kwangu.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kila kilima.

Zuhura wako
Tukuyu